Quatermass: tamthilia ya BBC ya 1953 au filamu ya 1955?

Kisa cha Profesa Quatermass, mwanasayansi wa roketi, ni kilekile katika zote mbili: roketi inarudi Uingereza, walioondoka ni watatu, anayetoka ni mmoja, naye ameanza kugeuka kiumbe kingine.

Tamthilia ya Nigel Kneale, iliyoongozwa na Rudolph Cartier, ilirushwa mubashara kutoka studio za BBC za Alexandra Palace, London, vipindi sita. Vilivyobaki ni viwili tu vya mwanzo. Vilihifadhiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, ndiyo maana picha ina ukungu. Katika kipindi cha pili hata mdudu anaonekana akitambaa juu ya kioo. BBC haikuridhika na ubora huo, ikaacha kurekodi. Vinne vilivyopotea utavisoma katika maandishi ya tamthilia, yaliyochapishwa na Penguin mwaka 1959.

Filamu ya kampuni ya Hammer, iliyoongozwa na Val Guest, ni kamili na inakwenda mbio: dakika 82 hivi. Richard Wordsworth, anayeigiza mwanaanga aliyeathirika, anatisha karibu bila kusema kitu. Ila Brian Donlevy amemfanya Profesa Quatermass mbabe wa kufoka tu, jambo lililomuudhi Kneale mwenyewe. Profesa wa Reginald Tate, kwenye tamthilia, ana mashaka na dhamira.

Tofauti kubwa iko mwishoni, ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London. Kwenye filamu kiumbe kinauawa kwa umeme. Kwenye televisheni, profesa anazisihi nafsi za wanaanga zilizomezwa humo zikatae kutawaliwa nacho. Kiumbe chenyewe kilikuwa mikono ya Kneale ndani ya glavu zilizobandikwa majani, ikipenyezwa kwenye picha kubwa ya kanisa.

Mgeni aanze na filamu. Anayependa uandishi aanze na maandishi.