Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita zake nazikubali, dakika zake bado

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia kikokotoo kimoja cha mtandaoni kinachotaja umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili vya ndege, na kwa kuwa neno “kikokotoo” limekwisha kututia wasiwasi Watanzania tangu mjadala wa kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, niliona ni busara nikipime kabla ya kukiamini.

Kwa upande wa kilomita sina lawama. Ukiandika misimbo ya viwanja, MWZ na DAR, kinajibu kwamba kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita 850 hivi, na hesabu yangu ya latitudo na longitudo ilifika hapo hapo. Huo ni mstari wa angani; basi linalopita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro hutembea zaidi ya kilomita 1,100. Kutoka Mwanza hadi Bukoba tofauti inashangaza zaidi, kwani angani ni kilomita 175 tu, sehemu kubwa juu ya maji, ilhali gari halina budi kulizunguka ziwa kupitia Geita, hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko.

Tatizo liko kwenye muda. Maelezo ya kikokotoo yanasema kwamba kila ndege inahesabiwa kwenda kilomita 800 kwa saa, kisha inaongezewa dakika 30 za kupaa na kutua, na ndiyo maana safari ya Dar inapewa saa 1 na dakika 34. Kwa ndege ya jeti makadirio hayo hayana ubaya. Lakini anga letu lina pangaboi pia, yaani ndege za mapanga: mojawapo, ATR 72, huenda takribani kilomita 510 kwa saa, kwa hiyo kwa kanuni ile ile safari hufikia saa 2 na dakika 10. Nilijifunza hilo nikimsubiri mjomba pale uwanjani Ilemela, nikiwa nimefika mapema kwa zaidi ya nusu saa kwa sababu niliamini jibu la simu bila kumuuliza anapanda ndege gani. Cha ajabu, kwa Bukoba kosa hilo halifiki hata dakika 10, kwa kuwa katika safari fupi ile nusu saa ya nyongeza ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hesabu.

Muda wa kuwahi ukaguzi na kusubiri mizigo haumo kabisa, jambo ambalo abiria mgeni angepaswa kuambiwa waziwazi.

Ninakipa nyota tatu kati ya tano. Waliokitengeneza wakiongeza sehemu ya kuchagua aina ya ndege, nitaongeza ya nne. Kwa sasa nachukua kilomita zake, nazigawanya kwa kasi ya ndege husika, kisha naongeza nusu saa mwenyewe.