Unataka muziki safi sebuleni? Hivi ndo ningenunua mimi nikiwa Tabora, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho

Watu wengi hapa Tabora wakienda kununua muziki swali la kwanza ni "ina wati ngapi?" na mi naomba tuanze na swali lingine kabisa. Usiku, watoto wamelala, sauti umeishusha chini, je bado unasikia mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaingia kwenye ubeti? Unasikia kidole cha mpiga besi kinavyogusa waya? Kama unasikia hivo basi umenunua muziki, kama husikii umenunua kelele hata kama bati linatetemeka mpaka kata ya Isevya.

Hizo wati zenyewe ngoja tuzimalize hapa hapa. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, ile inayofuatiwa na herufi PMPO, haina kipimo chochote kinachokubalika, kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Tafuta iliyoandikwa RMS, hizo ndo wati za kweli ambazo kifaa kinatoa mfululizo. Halafu jua kwamba ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu za ziada, na ili sikio lako lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati kama mara 10 hivi. Kwa hiyo sebule ya kawaida ya futi 12 kwa 14, wati 20 za kweli kila upande zinakutosha na chenji inabaki. Hela yako ipeleke kwenye ubora wa spika.

Namba moja kwangu, na nimeiweka namba moja baada ya miaka ya kuhangaika, ni spika mbili ndogo za kabati zenye amplifaya ndani yake. Mfano ambao nimeishi nao ni Edifier R1280T, ina wati 42 RMS ukijumlisha zote mbili, wufa (spika ya besi) ya inchi 4 na twita (kispika cha sauti nyembamba) yake juu, pembeni kuna vitufe vya kuzungusha vya besi na trebo na sauti, na nyuma unachomeka vitu viwili kwa wakati mmoja, mi simu iko kwenye moja na dek ya CD kwenye nyingine. Kuna ndugu yake R1280DB ambayo inaongeza Bluetooth na sehemu ya waya wa optiko wa kwenye TV. Bei yake huko nje huwa dola mia na kitu, ukija kuongeza usafiri na faida ya muuzaji ndo unapata bei ya Kariakoo. Kama unataka ndogo zaidi za mezani kuna PreSonus Eris 3.5, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa studio, hazipambi sauti, wimbo mbovu zinakwambia ni mbovu.

Kwa nini namba moja? Sababu kiwanda kimeshaoanisha amplifaya na spika, huna haja ya kuumiza kichwa na ohm sijui nini, ni plagi moja tu ukutani, na kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka plagi moja maana yake stabilaiza moja inalinda kila kitu. Hilo la stabilaiza usiliache, chomeka kwanza hiyo, kama ile ya kulindia friji, ndo spika zifuate, maana umeme ukikatika ukirudi unarudi na hasira.

Sasa ukishazinunua usizipigilie kwenye misumari juu karibu na dari kama wengi tunavyofanya, na usizibananishe zote mbili pembeni ya TV. Wewe na spika zako muwe pembetatu, umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali wa kutoka kila spika mpaka ulipokaa, twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, na zisogeze mbele kidogo kutoka ukutani, ukizisukumia kwenye kona besi inavimba inakuwa ya pipa. Mi nilitumia stuli mbili za mninga za fundi wa mtaani, zimekaa vizuri kabisa.

Kuna jaribio moja nalipenda sana, weka wimbo wa zamani wa Tabora Jazz au Kiko Kids, bendi za kwetu hapa. Rekodi nyingi za Redio Tanzania enzi zile zilirekodiwa kwa mono, yani spika zote mbili zinapokea kitu kile kile. Ukiwa umepanga vizuri sauti ya mwimbaji haitoki kulia wala kushoto, inakaa katikati, hewani, pale ambapo hakuna kitu. Mara ya kwanza nilivyosikia sauti ya marehemu Shem Karenga, mwimbaji wa Tabora Jazz, imesimama katikati ya kalenda na saa ya ukutani nilinyamaza wimbo mzima. Sasa kama sauti imetawanyika haijulikani iko wapi na besi imekonda, angalia nyuma, mara nyingi utakuta waya mwekundu na mweusi umegeuza kwenye spika moja. Rudisha, kaa tena, utaona.

Na chumba nacho ni sehemu ya muziki, hili watu hawaambiwi dukani. Nyumba zetu ni sakafu ya sementi, kuta tupu, vioo, piga kofi moja katikati ya sebule usikilize, ukisikia mlio kama wa ndani ya tenki basi hata spika ya milioni tano itakuangusha. Tandika kapeti, weka pazia zito sio lile jepesi la kuonyesha nje, kochi la sponji linasaidia sana, kabati lenye vitabu na makorokoro linasaidia kuvunja mwangwi. Kwa bati wakati wa mvua hakuna dawa, mvua ikianza mi nazima nasikiliza mvua.

Namba mbili ni eafoni za waya, na kama umepanga chumba kimoja ukuta mmoja na jirani basi kwako wewe hii ndo namba moja wala usijiulize. Hakuna sehemu ambayo hela kidogo inanunua sauti nzuri kama hapa. Kuna vitu vya Kichina kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, vinauzwa karibu dola 20, vinatoa sauti ambayo zamani ungelipa mara 10 yake. Siri yake iko kwenye kile kimpira cha kuingia sikioni, kisipoziba vizuri besi yote inakimbia, watu wanasema eafoni mbaya kumbe wamevaa saizi ya mtu mwingine, jaribu saizi zote zilizokuja kwenye boksi. Simu yako kama haina tundu la waya nunua adapta ya Taipu-C ambayo ina DAC ndani, ndo kile kichipu kinachobadilisha data kuwa sauti, ile adapta ndogo ya Apple inafanya kazi nzuri kuliko umbo lake.

Wanaotaka hedifoni kubwa za kuvaa kichwani, Koss Porta Pro zipo toka 1984 na mpaka leo zinauzwa kwa umbo lile lile, nyepesi, masikio hayapati joto hata kwenye jua la Oktoba. Sennheiser HD 600 ya 1997 ndo ndoto ya wengi, na ni ndoto halali, ila ina ohm 300, yani ukinzani mkubwa wa umeme, simu tupu haiisukumi inavyotakiwa, utahitaji amplifaya ya pembeni, na iko wazi nyuma kwa hiyo aliye karibu anasikia kila kitu. Na jamani msiyaue masikio yenu, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki, ukipandisha zaidi muda unapungua haraka sana, na sikio likienda halirudi.

Namba tatu, amplifaya ya mtumba na spika zake za kabati. Hii ndo inanipenda na mi naipenda na ndo imenitia hasara kuliko zote, kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Mitumba mingi mizuri inatoka Japani, Sansui, Pioneer, Kenwood, Technics, Yamaha, vyuma vya miaka ya 70 na 80 vimetengenezwa na watu waliokuwa hawabani vifaa. Tatizo Japani umeme wao ni volti 100, sisi hapa ni 230. Mi nilinunua moja safi kabisa, uso wa alumini, kitufe cha sauti kizito kinazunguka kama kimewekwa kwenye asali, muuzaji akaniambia "hii ni kuchomeka tu ndugu yangu." Nikaibeba mpaka nyumbani, nikaifuta vumbi na kitambaa, nikachomeka. Taa ya mbele ikawaka kali kuliko kawaida kama sekunde mbili hivi, ikasikika "mm" nzito, halafu harufu. Ile harufu ya vanishi ya transfoma ikiungua nikiikumbuka mpaka leo tumbo linakaza. Fundi alivyoigeuza akaninyooshea kidole kibati cha nyuma, maandishi madogo, AC 100V 50/60Hz. Yalikuwa pale muda wote.

Kwa hiyo kabla ya hela kutoka mfukoni geuza amplifaya usome kibati. Kama ni 100V bei yake hesabu pamoja na transfoma ya kushusha umeme, na hiyo transfoma iwe na uwezo unaozidi wati ambazo amplifaya inakula, sio ile ndogo ya kuchajia. Kama imetoka Marekani ni 120V, mambo ni yale yale. Iliyotoka Uingereza au Ulaya huna shida. Kisha inyanyue, amplifaya nzuri ya miaka hiyo ina transfoma kubwa ndani kwa hiyo ni nzito, nyepesi kama boksi la viatu ujue hamna kitu. Zungusha kitufe cha sauti, ikitoa krakra hiyo ni vumbi na vumbi la Tabora tunalijua, fundi akipuliza dawa ya kusafishia anamaliza, usiogope, omba tu bei ipungue.

Upande wa spika gusa ule mzunguko wa pembeni ya koni. Kama ni sponji ya zamani ikikatika vipande mkononi kama keki ya juzi, spika imekufa hiyo labda upate wa kubadilisha mzunguko. Kama ni mpira au kitambaa inaishi miaka mingi. Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili pande zote, irudi bila kukwaruza, ikikwaruza koili imeungua au imepinda. Ukipata pea nzima na amplifaya nzima, kwa hela hiyo hiyo unampita namba moja na namba mbili kwa mbali, uzito wa sauti yake ni mwingine. Nimeiweka ya tatu sababu ya bahati nasibu yake tu.

Namba nne sabufa. Najua ndo iko kila nyumba, na kwa sherehe, mpira, na singeli uwanjani siipingi. Ila kwa kusikiliza, spika zake ndogo hazina wufa ya maana, sauti ya kiume inagawanyika, nusu inatoka juu nusu inatoka kwenye boksi chini ya meza. Kama unayo tayari, shusha besi mpaka nusu, zima taa na mbwembwe zote za ekwalaiza, spika mbili zishushe usawa wa sikio, utapata muziki ambao hukujua unao, bila kutoa hata mia.

Namba tano spika moja ya Bluetooth. Ya kuogea, ya shambani, ya safarini kwenye treni kwenda Kigoma, sawa. Ila sebene la Kikongo lina gitaa la solo, la mi-solo na la ridhimu, matatu yanajibizana kama wazee barazani, na kwenye kaboksi kamoja yote matatu yanakuwa uji mmoja. Inaniuma.

Namba sita santuri. Naiheshimu, lakini kwa Tabora sindano ikiisha unaagiza mbali, vumbi linaingia kwenye mifereji, na nyingi utakazookota za bendi zetu zimeshachakaa. Nunua kama una santuri za mzee wako kabatini, hapo nakuunga mkono kabisa.

Kitu kingine ambacho hakiko kwenye orodha ila kinabeba yote, nyimbo zenyewe. Ukijaza flashi nyimbo 1,000 kibandani kwa buku mbili, nyingi zimetolewa mtandaoni zikabanwa zikabanwa tena, matoazi yanalia "shwii" kama maji ya bomba. Omba MP3 ya 320 (kbps, kiwango cha juu cha MP3) au FLAC, faili ambalo halipotezi ubora wa wimbo, FLAC moja ya dakika 4 ni kama MB 25 hivi, nzito kweli, ila flashi ya GB 32 inaingiza zaidi ya nyimbo 1,000, nani anasikiliza zaidi ya hapo. Au CD halisi, zipo bado kwenye makabati ya watu na wanazigawa.

Siku ya kwenda dukani beba flashi yako, nyimbo tatu unazozijua kila kona, moja ya sauti tupu na gitaa, moja ya sebene, moja ya kwaya, maana kwaya ya watu 30 ndo inafichua spika mbaya. Mwambie muuzaji azime ekwalaiza, ashushe sauti mpaka muweze kuongea, na wewe ukae, usisimame. Kama unaagiza Dar mzigo uje kwa basi, mwambie akupigie video imechomekwa inaimba, aonyeshe na kibati cha nyuma, ndo utume hela.