Takwimu za biashara ya nje za visiwa vidogo: nazitumia kazini, haya ndo maoni yangu

Hii ni rivyu ya huduma ambayo wengi wetu hata hatuihesabu kama huduma, yaani zile takwimu za bidhaa zinazoingia na kutoka nchini ambazo ofisi za takwimu za nchi ndogo za visiwa zinatoa kila mwezi au kila robo mwaka. Ni bure, unaingia kwenye tovuti yao unapakua, basi. Mi kazi yangu ni kuandika ripoti za uchumi kwa hiyo nashinda humo, za Morisi, za Shelisheli, za Maldivi, za kina Fiji na Samoa kule Pasifiki, na kwa ujumla nazipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibania ina sababu zake nitazitaja chini.

Kwanza mjue zinatengenezwaje maana bila hapo huwezi kumtendea haki mtu. Karibu kila kitu kinaanzia forodha. Mzigo ukija, wakala wa forodha anajaza tamko kwenye mfumo, na kwa visiwa vingi mfumo wenyewe ni ASYCUDA, ule wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ulioanza mwaka 1981 na sasa uko kwenye nchi na maeneo zaidi ya 100. Humo anaandika msimbo wa bidhaa wa HS, yaani namba ya mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa makundi, uzito, idadi, thamani, nchi ya asili, meli iliyoleta. Forodha wanachotaka ni ushuru wao, wakishalipwa kwao kazi imeisha, ila ile data haifi pale, kila mwezi faili linaenda ofisi ya takwimu na huko ndo kazi nyingine inaanza kabisa, tena mara nyingi ni kitengo cha watu wachache tu wanaopitia biashara ya nchi nzima.

Kazi gani? Chukua mstari mmoja tu. Kontena la futi ishirini la mchele, tani 25. Wakala kwa haraka zake kwenye sehemu ya kilo kaandika 25 badala ya 25,000. Ushuru umetoka sawa kwa sababu unatozwa kwenye thamani, kwa hiyo forodha hakuna aliyeshtuka, mzigo umetoka bandarini na umeshaliwa. Lakini ukigawa thamani kwa kilo, bei ya kilo moja ya mchele imekuwa mara elfu ya kawaida. Programu ya ukaguzi inaupigia mstari huo kengele, sasa mtu wa takwimu inabidi arudi forodha, aombe invoisi, arekebishe. Kwenye nchi kubwa kosa hilo linazama tu halionekani, kwenye kisiwa chenye watu laki moja kontena kadhaa za namna hiyo zinatosha kukuonyesha kwamba mwezi ule nchi haikuagiza mchele wa maana. Mtu anayepanga akiba ya chakula akisoma hapo anapotea. Ndo maana mi nikiona ofisi inatoa thamani pamoja na uzito na vyote vinaendana, naheshimu sana, najua kuna mtu kakaa na ile mistari mmoja mmoja.

Sasa kwenye visiwa kuna mambo matatu manne ambayo yakikosewa basi jedwali zima halina maana, na ndo mi huwa naangalia kabla sijaamini kitu.

La kwanza ni mafuta ya meli na ndege. Kisiwa kinaagiza mafuta, halafu sehemu yake kinawauzia ndege na meli za kigeni zinazopita. Kwa mwongozo wa Umoja wa Mataifa, ule wa takwimu za biashara ya bidhaa unaoitwa IMTS 2010, hayo ni mauzo ya nje kabisa na yanatakiwa yahesabiwe. Maldivi kwa mfano sehemu kubwa ya bidhaa wanazoagiza na kuziuza tena nje ni mafuta ya ndege. Morisi wao mafuta na mahitaji ya meli wanayawekea mstari wake peke yake, hayajachanganywa na nguo wala sukari, na hicho kitu kimenisaidia mno. Kwa sababu bei ya mafuta ikipanda duniani mauzo ya nje yanapanda kwenye karatasi, mtu asiyejua anaandika kwamba viwanda vimechangamka, kumbe hata shati moja la ziada halijashonwa.

La pili samaki, na hapa ni patamu. Ukienda Port Victoria kule Shelisheli, meli za kigeni zinaleta jodari. Wale jodari wakishushwa kwenda kiwandani kuwekwa kwenye makopo, wamevuliwa na chombo cha mkazi wa nchi nyingine, basi wanahesabika bidhaa iliyoagizwa hata kama walivuliwa jirani tu hapo baharini. Wakihamishwa moja kwa moja kwenda meli ya friji inayowapeleka mbali, hao ni wapita njia, hawaingii kwenye hesabu. Kopo likitoka kiwandani ndo mauzo ya nje. Na meli ya mkazi wa kisiwa ikishusha samaki kwenye bandari ya nchi nyingine, hayo nayo ni mauzo ya nje ya kisiwa, japo forodha ya nyumbani haijawahi kuwaona hao samaki. Kwa hiyo huwezi kutegemea tamko la forodha peke yake, lazima watu wa takwimu wawe na mawasiliano na mamlaka ya uvuvi. Ofisi inayosema wazi kwenye maelezo yake kwamba samaki tumewapata kwa njia hii na hii, mi kwangu imeshafaulu nusu ya mtihani.

La tatu ndege na meli zenyewe. Shirika la ndege la kisiwa likinunua ndege moja, robo hiyo uagizaji unaruka juu na urari wa biashara, yaani mauzo ya nje ukitoa uagizaji, unaonekana umeporomoka, magazeti yanapiga kelele, robo inayofuata kila kitu kimerudi kawaida. Kanuni inasema angalia umiliki wa kiuchumi, yaani nani anabeba faida na hasara ya chombo, umehama au la, ndege ya kukodi kwa muda haihesabiwi. Toleo zuri linakupa jumla mbili, pamoja na ndege na bila ndege, na linakwambia kwenye aya ya kwanza kabisa sio kwenye maandishi madogo huko mwisho. Na ukitaka kuona balaa la meli angalia visiwa vya Marshall, ambavyo vinasajili meli nyingi mno za dunia. Korea Kusini inaandika kwamba imeuza huko meli za mabilioni ya dola, wakati meli zenyewe hazijawahi hata kutia nanga pale, ni usajili tu. Mtu akichukua takwimu za upande wa Korea akadhani ndo uagizaji wa Marshall, imekula kwake.

Hapo ndo naingia kwenye UN Comtrade, ile hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, maana najua kuna watu watasema si uchukue tu kule. Comtrade ni kitu kizuri, ina data za kila mwaka kuanzia 1962, nchi zote sehemu moja. Lakini kwa visiwa vidogo utakuta miaka yenye mapengo, na watu wanaziba kwa takwimu za kioo, yaani kama kisiwa hakijatoa ya kwake unachukua walichosema wenzake kwamba walimuuzia. Mi sipendi, labda uwe huna njia nyingine kabisa. Mzigo wa China ukipitia Singapore, kisiwa kinaandika nchi ya asili China, China yenyewe inaweza kuwa imeandika Singapore kama mwisho wa safari inayojua, na hakuna aliyedanganya. Halafu muuzaji anaandika bei ya FOB pale bandarini kwake wakati mnunuzi anaandika CIF, na nauli na bima ndani. Kwa nchi inayonunua kwa jirani wa mpakani tofauti hiyo ni ndogo, kwa kisiwa kilicho katikati ya Pasifiki nauli ni pesa nzito. Ndo hiyo hiyo inayofanya benki kuu iwe na tarakimu ndogo kuliko ofisi ya takwimu, kwa sababu kwenye urari wa malipo, yaani hesabu ya pesa zote zinazoingia na kutoka nchini, bidhaa zinawekwa kwa FOB. Nimeshaona watu wanagombana kwamba serikali ina tarakimu mbili, inaficha kitu. Haifichi, zote ziko sahihi ni suala la nauli imewekwa wapi, ila ofisi zingeweka jedwali dogo la kuoanisha hizo mbili zingetuokoa wengi.

Haya, kwa nini nimebania nyota moja.

Usiri ndo unaniuma zaidi. Kwenye kisiwa bidhaa fulani inauzwa na kampuni moja tu, ukichapisha mstari wa bidhaa hiyo umechapisha mauzo ya kampuni. Kwa hiyo kampuni ikiomba, mstari unafichwa, na hiyo ni halali kabisa na ndo mwongozo unavyosema, naikubali. Tatizo ni pale mstari unapotolewa kimya kimya, jumla ya chini haifikii jumla ya juu na hakuna alama wala maelezo. Weka nyota, andika "imefichwa", hamishia kwenye kundi la jumla, mtumiaji atajua. Bila hivyo unakaa siku nzima unatafuta kosa kwenye hesabu yako wakati kosa halipo.

Marekebisho pia. Tarakimu za mwezi ni za awali, zitabadilika tamko la mafuta likisahihishwa au mizigo iliyochelewa ikiingia, hilo linaeleweka. Lakini kuna ofisi moja, siitaji, nimekuta tarakimu za robo zilizopita zimebadilika kwenye faili jipya bila hata sentensi moja. Herufi moja tu ya "m" ya marekebisho pembeni ingetosha jamani.

Kuna na kubadilika kwa HS. Kila miaka mitano hivi mfumo unabadilishwa, huu wa sasa umeanza Januari 2022 na unaofuata unaanza Januari 2028. Mwaka 2022 simu janja zilipewa msimbo wake, 8517.13, kabla ya hapo zilikuwa zimelundikwa na simu nyingine za mkononi. Sasa ukichora mstari wa simu kutoka 2019 mpaka leo bila kuunganisha misimbo ya zamani na mipya utapata picha ya uongo. Ofisi zinazoweka jedwali la kuunganisha pembeni ya data ni chache na mi nawashauri wote waliobaki waanze kuandaa la 2028 sasa hivi, wasisubiri.

Vifurushi vidogo vya kununua mtandaoni navyo bado ni donda. Vingi viko chini ya kiwango cha ushuru, vinapita kwa tamko la juu juu au bila tamko kamili, na watu wa visiwani wananunua sana mtandaoni kwa sababu dukani hakuna. Hapa siwalaumu sana watu wa takwimu, data haiwafikii, wa kubanwa ni posta na makampuni ya kusafirisha vifurushi watoe faili zao.

Mtu anayeanza leo nitamwambia hivi. Fungua faili la maelezo kabla ya jedwali, utafute wanatumia mfumo wa jumla au mfumo maalumu wa biashara, kwa sababu kisiwa chenye bandari huru kama Morisi, yaani eneo ambalo mzigo unakaa bila kulipiwa ushuru, hiyo inaamua mzigo ulioingia bandari huru unahesabiwa au hapana. Kisha chukua mwaka mzima, usianze na mwezi, meli moja ya mafuta ikiteleza kutoka tarehe 30 kwenda tarehe 2 inakuharibia miezi miwili. Toa mafuta, toa ndege na meli, kinachobaki ndo uanze kukisoma. Na ukikwama waandikie, kwa hizi ofisi ndogo barua pepe yako inamfikia mtu yule yule aliyeshika faili, mi wameshanijibu mpaka na maelezo ya mstari mmoja wa bidhaa nilioulizia, huduma ya hivyo nchi kubwa huipati.