TAHADHARI: Dalali wa nyumba za ufukweni Jamaika anayewalenga Waswahili walioko Marekani na Kanada

Ndugu zangu, hasa wanandoa mnaopanga kwenda Jamaika kupumzika nje ya zile hoteli kubwa za kulipia kila kitu kwa mkupuo: kuna dalali anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akipangisha nyumba za ufukweni ambazo si zake, na nyingine hazipo kabisa. Anaongea Kiswahili kizuri, anasalimia kwa heshima, anakuuliza unasali wapi, na hakosi kutaja jina la mtu mnayefahamiana. Mimi na mume wangu katuliza dola 1,850. Naandika leo kwa sababu tangazo lake limerudi na picha zilezile, na safari hii ameongeza maneno yaliyonichoma moyo: eti anatoa punguzo ili kuwasaidia wenyeji wajijenge upya baada ya kimbunga.

Kimbunga Melissa kiliipiga Jamaika upande wa kusini-magharibi tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa cha daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa. St. Elizabeth, wilaya anayodai nyumba yake ipo, ni kati ya zilizoumia vibaya mno, na mji wa Black River, makao makuu ya wilaya hiyo, ulibaki vifusi sehemu kubwa. Kabla ya hapo, Julai 2024, kimbunga Beryl kilikuwa kimeshaezua mapaa mengi Treasure Beach, kijiji cha pwani cha wilaya hiyohiyo, ambako anasema nyumba ipo. Watu wamepoteza nyumba mara mbili ndani ya muda mfupi, halafu mtu asiye na hata tofali moja kule anatumia msiba wao kuchangisha pesa za mfukoni mwake.

Namna anavyofanya kazi ni hivi. Hana haraka. Anakujibu maswali kwa upole, anakutumia mkataba wenye muhuri, na bei yake si ya kutupa, kwa hiyo huoni kitu cha kukushtua. Anakwambia mitandao ya kupangisha nyumba inakata kamisheni kubwa, bora umtumie moja kwa moja kwa Zelle, njia ya kutumiana pesa kati ya benki za Marekani, ili wote mfaidike. Ukishatuma malipo ya awali, zinaanza ada: amana ya vitu vitakavyovunjika, gari la kuwapokea, "kibali cha kuingia nchini", "kodi ya kuondokea uwanja wa ndege". Hizi mbili za mwisho zishikeni vizuri, maana ndizo zinazomuumbua. Fomu ya uhamiaji na forodha ya Jamaika, ile C5, mnaijaza wenyewe mtandaoni bila kulipa hata senti. Kodi ya kuondoka imeshahesabiwa ndani ya bei ya tiketi ya ndege. Dalali yeyote anayewadai pesa za vitu hivyo ni mwizi, mwacheni hapohapo.

Sasa picha. Mume wangu alizipitia moja moja tuliporudi, na nataka kila mtu azitazame kwa jicho hilo. Fukwe za Treasure Beach zina mchanga wa rangi ya kahawia iliyokolea, na eneo lenyewe ni kavu, lina udongo mwekundu na mikaktasi. Picha za huyu mtu zina mchanga mweupe kama unga, ambao ungeutegemea Negril, magharibi mwa kisiwa, na nyuma ya nyumba kuna msitu mzito wa kijani kama wa Portland, upande wa pili kabisa wa kisiwa. Kwenye video anayotuma, gari lililoegeshwa uani lina usukani wa kushoto. Jamaika wanaendesha kushoto kama sisi kwetu, na magari yao mengi ni ya Kijapani yenye usukani wa kulia. Teksi zao nyingi ni Probox zilezile tunazozijua. Usukani wa kushoto unaonyesha kwamba video hiyo, kwa uwezekano mkubwa, ilipigwa nchi nyingine, labda Jamhuri ya Dominika, ambako wanaendesha kulia.

Tulipotua Montego Bay hakuna aliyekuja kutupokea, na namba yake ilikuwa imeshatublock. Tulichukua teksi yenye namba nyekundu, maana magari yote ya abiria yenye leseni kule yana namba nyekundu zinazoanza na herufi P, msipande mengine, na tukaenda zaidi ya saa mbili hadi Treasure Beach. Pale alipotuelekeza palikuwa na shamba la matikiti maji. Mama mmoja mwenye duka alituambia si sisi wa kwanza kufika tukiulizia nyumba hiyo.

Mama huyohuyo ndiye aliyempigia simu jirani yake mwenye vyumba vya wageni, tukalala salama kwa bei ya haki. Tulikula samaki wa siku ileile na bammy, mkate wao wa muhogo ambao mume wangu, mtu wa Mtwara, aliuagiza kila siku. Wavuvi walitubeba kwa mashua yao, na hakuna aliyetuomba kitu. Kwa hiyo nawaomba msitoke hapa mkisema Jamaika kuna wezi, bora kujifungia hotelini. Sheria ya fukwe ya kule, ya mwaka 1956, haimpi mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufukweni, na sehemu nyingi za pwani ya kaskazini zimezungushiwa uzio wa mahoteli. Mkienda kwenye vijiji kama Treasure Beach pesa yenu inafika kwa mvuvi na mama mwenye duka, na sasa wanaihitaji kuliko wakati wowote. Aliyetuibia ni mtu anayeongea lugha yetu, si Mjamaika.

Mnapotafuta nyumba, ulizeni leseni ya Jamaica Tourist Board. Malazi ya watalii hukaguliwa na kampuni ya serikali iitwayo TPDCo kabla ya bodi hiyo kutoa leseni, na mwenye biashara halali hatakasirika kuulizwa. Mwombeni awapigie simu ya video akiwa amesimama ndani ya nyumba, atoke nje hadi barabarani bila kukata. Huyu wetu akiombwa hivyo husema mtandao haujarudi sawasawa tangu kimbunga. Kisingizio hicho kina ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana kinawapata wengi, lakini kama mtandao unamtosha kukukumbusha malipo kila asubuhi, unamtosha pia kukuonyesha mlango. Na lipeni kwa kadi ya mkopo, kwa sababu kadi ina njia ya kupinga malipo. Zelle ikishaenda imeenda: benki yetu ilituambia tumeidhinisha wenyewe, hawarudishi.

Kama umeshamtumia pesa na bado hujasafiri, usimwambie kwamba umemgundua. Hifadhi kwanza meseji, mkataba, risiti na namba zote alizotumia, kwa sababu akishtuka anafuta kila kitu upande wake. Kisha piga benki leo, usingoje Jumatatu, na mlioko Marekani fungueni malalamiko kwenye ic3.gov, tovuti ya FBI ya uhalifu wa mtandaoni. Mlioko Kanada ni Canadian Anti-Fraud Centre. Ukigundua ukiwa tayari Jamaika, polisi ni 119. Sisi tumeshafungua lalamiko, na familia nyingine mbili zimenitafuta zikiwa na akaunti ileile ya kupokelea. Mwenye risiti yenye akaunti tofauti aniandikie faragha, tuziunganishe kwenye malalamiko.