Gita la plastiki au gita lenyewe? Nimejaribu yote Nkuhungu

Wadau kuna banda la gemu huku Nkuhungu, Dodoma, lina magita mawili, moja lile la plastiki la gemu la Guitar Hero lenye vitufe vitano vya rangi, lingine gita la umeme la kweli limechomekwa kwa waya wa USB kwenye Rocksmith, gemu la kujifunzia gita. Buku nusu saa. Nikaanza na plastiki, aisee raha, dakika kumi tu nishajiona staa, madogo wanashangilia mlangoni, ila kile kibao cha kupigia kinalia tak tak tak kama mtu anakatakata mchicha, na kitufe cha njano kinagoma mpaka ukikandamize na kucha.

Rocksmith sasa (ya Ubisoft, ilitoka 2011) ndo ikaniumbua. Yenyewe inasikiliza noti unayopiga kweli, ukiboronga inakupunguzia noti, ukipatia inaongeza. Mi napiga gita kwaya mwaka wa tatu huu nikajua nitawachapa, wapi! Sauti ilikuwa inachelewa maana inapitia waya wa HDMI mpaka kwenye TV, unapiga sasa hivi inasikika baadae kidogo, kichwa kinavurugika kabisa. Nikamwambia dogo anayesimamia, mdogo wangu hebu chomeka spika kwenye mashine yenyewe, akachomeka, ikakaa sawa. Vidole vikauma hadi kumega ugali usiku ikawa kazi.

Kama mnaenda kucheka na washkaji chukueni plastiki. Mi Jumamosi narudi kwenye nyuzi, ila ule uzi mwembamba kabisa waubadilishe jamani, umeshika kutu.