Vitufe vya kushea bila skripti ya mtu: uzoefu wangu

Wijeti za kushea, yaani vitufe vya kusambaza ukurasa vinavyoletwa na kampuni ya nje, huuzwa kwa ahadi moja: bandika mstari mmoja wa skripti (msimbo wa JavaScript), kazi imekwisha. Mstari ni mmoja kweli, lakini fungua kichupo cha Network kwenye kivinjari uone unachokokota nyuma yake. Skripti ya kwanza inaita ya pili, ya pili inachora `iframe` (ukurasa mdogo ndani ya ukurasa) kwa kila mtandao wa kijamii, na kila kikoa kipya kinadai DNS (kutafuta anwani ya seva) na TLS (kuanzisha muunganisho salama) yake kabla kitufe hakijaonekana. Mwenye simu ya uwezo mdogo anasubiri vitu ambavyo huenda asivibonyeze kabisa. Juu ya hapo, kisanduku kikichelewa kufika kinasukuma maandishi chini wakati mtu ameshaanza kusoma. Kipimo cha CLS, yaani cha kuruka-ruka kwa mpangilio wa ukurasa, ambacho Google inataka kisizidi 0.1, huharibika hapo hapo.

Kilichonifanya niziache moja kwa moja ni suala la nani anaishika skripti hiyo kesho. AddThis, iliyokuwa mikononi mwa Oracle, ilifungwa Mei 31, 2023, na tovuti zilizoitegemea zikabaki na mstari usioita kitu. Twitter iliondoa hesabu ya walioshea mwaka 2015, na wijeti zilizojengwa juu ya namba hizo zikapoteza maana. Mbaya zaidi ni polyfill.io, huduma ya skripti za kusaidia vivinjari vya zamani: kikoa kilipata mmiliki mpya, na Juni 2024 ikabainika kwamba skripti yake inawapeleka wasomaji kwenye tovuti hatari. Sifa ya `integrity`, inayolinganisha faili na alama yake ya awali (hash), ingezuia faili iliyobadilishwa, lakini wijeti nyingi hubadilisha faili zao mara kwa mara, kwa hiyo huwezi kuitumia. Halafu kuna sheria: mwaka 2019, katika kesi ya Fashion ID, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye tovuti aliyeweka kitufe cha Like anawajibika pamoja na Facebook kwa ukusanyaji na upelekaji wa data za wageni wake.

Ninachotumia sasa ni `navigator.share`, kitendakazi cha JavaScript kilichomo ndani ya kivinjari, pamoja na viungo vya kawaida, na kwa kazi ya kushea sioni sababu ya kurudi nyuma. Kinafungua dirisha la kushea la simu yenyewe, lenye programu alizonazo mtumiaji. Kinataka HTTPS, na lazima kiitwe ndani ya mbonyezo wa mtumiaji. Hapa ndipo wengi hukwama: ukitanguliza `await fetch(...)` (kusubiri jibu la seva) ili kufupisha anwani, ruhusa ya mbonyezo inaweza kuisha na kivinjari kikatoa `NotAllowedError`. Andaa anwani mapema, mbonyezo ubaki wa kushea tu. Mtumiaji akifunga dirisha bila kushea unapata `AbortError`. Hiyo si hitilafu, ikamate na unyamaze, usimwonyeshe ujumbe mwekundu. Kama ukurasa wako umo ndani ya `iframe`, fremu hiyo inahitaji `allow="web-share"`.

Kivinjari kisichokuwa na uwezo huo kipe viungo: `https://wa.me/?text=` kwa WhatsApp, `https://www.facebook.com/sharer/sharer.php?u=` kwa Facebook. Pitisha anwani kwenye `encodeURIComponent`, inayogeuza alama maalum ziwe salama ndani ya kiungo, kila mara. Usipofanya hivyo, alama ya `&` iliyomo ndani yake inaikata katikati, na anayeipokea anafika ukurasa usio sahihi.

Kazi kubwa, ambayo wijeti haikufanyii, ni lebo za Open Graph, yaani maelezo ndani ya HTML ambayo mitandao husoma ili kuonyesha kichwa na picha ya kiungo. Weka `og:title`, `og:description`, `og:url` na `og:image`. Picha iwe pikseli 1200 kwa 630, na anwani yake iwe kamili kuanzia `https://`, ukiandika `/picha/jalada.jpg` peke yake, usishangae kiungo kikitoka bila picha. Ukibadilisha picha na Facebook ikaendelea kuonyesha ya zamani, ingia kwenye Sharing Debugger, zana ya Facebook yenyewe, uiambie isome ukurasa upya.

Wijeti za kuonyesha machapisho ya Instagram ni habari nyingine. Nimetumia huduma ya kampuni changa moja ambayo kisanduku chake kilikuwa kikigeuka cheupe bila taarifa, kwa sababu tokeni ya muda mrefu (ufunguo wa kufikia data za Instagram) huishi siku 60 na hawakuwa wakiihuisha kwa wakati. Baada ya API ya Basic Display (njia ya Instagram ya programu kuchukua data) kufungwa Desemba 4, 2024, akaunti binafsi haziingii tena. Unahitaji akaunti ya biashara au ya mtayarishi wa maudhui. Naona ni heri seva yako ivute data kila saa, ihifadhi JSON (faili ya data), na ihuishe tokeni siku nyingi kabla haijaisha. Picha nazo zinakiliwe kwenye seva yako, maana anwani za picha wanazotoa huisha muda. Kwa video za YouTube, `lite-youtube-embed` ya Paul Irish inaonyesha picha tu hadi mtu abonyeze, na hiyo naipa alama zote.

Wijeti ya nje bado naikubali kwa maoni ya wasomaji, kwa sababu kupambana na maoni taka (spam) ni kazi ya kila siku. Kabla ya kuiweka, jaribu kwanza kupakua maoni yote kama faili. Huduma isiyokuwa na kitufe hicho usiiguse. Kisha itengee nafasi kwa `min-height` ya CSS, na uipakie kwa `IntersectionObserver`, uwezo wa kivinjari wa kutambua kitu kikikaribia kuonekana, msomaji anapoikaribia.