Ol Doinyo Lengai kwa safari ya kuchangia: jua si ndilo unalolipia

Haya, karibuni. Leo hatuchambui simu wala spika. Bidhaa ya leo ni safari, ile ya kuchangia, mnapakiwa gari moja na watu msiojuana, mnapanda Ol Doinyo Lengai usiku kucha, mnafika juu jua likichomoza. Mmeniomba hii video mpaka mmechoka. Nimepanda, nimefika, picha ninazo. Na nina hasira.

Siyo na mlima. Hasira yangu ni na kile kinachouzwa na jinsi kinavyouzwa. Kaa hapa, maana katikati ya video kuna ubao na mchanga, na ndipo mtanielewa.

Ya urefu na ulipo nayapita haraka, mnayajua: ni volkano hai ya mita 2,962, kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Ukitoka Arusha unafika Mto wa Mbu, unakunja kulia, Engaruka, halafu vumbi mpaka Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima. Basi. Ukitaka ramani, ziko tele mtandaoni.

Sasa twende kwenye tangazo. Kila tangazo la safari hii lina picha moja: mtu amesimama ukingoni, mikono hewani, jua jekundu nyuma yake. "Njoo uone macheo." Ndugu yangu, kama shida yako ni macheo, amka alfajiri popote ulipo utaliona jua bure. Watu hawapandi Lengai usiku kwa sababu ya jua kuchomoza. Wanapanda usiku kwa sababu ya jua lenyewe! Mlima ule hauna mti wa kivuli, hauna maji, hauna kibanda. Bonde la Ufa pale chini linawaka kama tanuri. Ukipanda mchana, joto litakumaliza kabla mteremko haujakumaliza. Kwa hiyo mnatoka kambini kama saa tano usiku, mnaanza kupanda karibu saa sita, mnakwenda kwa muda wa saa tano au sita mfululizo, na lengo kubwa ni kuwa mmeshuka kabla jua halijakolea. Macheo ni nyongeza. Lakini nyongeza ndiyo inayouza, si ndiyo?

Na kuna jambo tangazo halisemi. Njia ya kawaida inapanda upande wa magharibi. Jua linatoka wapi? Haya. Maana yake ukichelewa, hata kwa nusu saa tu, unalikosa jua huku umelikaribia kabisa, kwa sababu mlima wenyewe umekuziba. Unaona mbingu inageuka rangi juu ya kichwa chako, na wewe bado umeshika jiwe gizani. Kwenye kundi letu hilo liliwapata watu. Siwacheki. Nawaeleza kwa nini liliwapata, na hapa ndipo ninapokereka.

Kamera ya juu, tafadhali. Mnaona meza? Huu ni ubao. Huu hapa ni mchanga mkavu, wa kawaida. Naumwaga juu ya ubao, sasa nauinua upande mmoja taratibu. Angalia. Nyuzi ishirini, umetulia. Nyuzi thelathini, bado umetulia, punje moja moja tu. Angalia sasa... ehee, umeporomoka wote. Nimepima hapa, ni nyuzi thelathini na nne hivi. Mchanga mkavu hauvumilii zaidi ya hapo.

Mteremko wa juu wa Lengai unafika nyuzi arobaini na kitu. Swali la haraka: kwa nini basi majivu yale hayaporomoki yote yakaisha? Kwa sababu yameshikana. Majivu ya volkano ile yamejaa chumvi za magadi, mvua ikinyesha yanagandamana, yanakuwa gamba gumu. Kwa hiyo chini ya kiatu chako una sakafu ngumu, na juu ya sakafu kuna punje zilizolegea. Narudia na ubao: nimefuta mchanga, nimebakiza punje chache tu. Sasa naweka hiki kipande cha soli ya kiatu. Nauinua... Umeona? Kimeondoka mapema kuliko mchanga! Huo ndio utelezi wa Lengai. Siyo wa matope kwamba utazama ushike. Buti lako la bei mbaya halina cha kung'ata. Kwenda juu unatumia mikono, ndiyo maana nasema glavu, glavu, glavu. Kushuka ni balaa zaidi, maana uzito wako wote unakusukuma mbele na magoti yanatetemeka.

Usiondoke, onyesho halijaisha. Sasa naweka vijiti sita kwenye ubao, msururu mmoja, juu mpaka chini. Hawa ndio ninyi, kundi la kuchangia. Huyu wa juu anakanyaga jiwe. Nalidondosha... tazama linavyopita. Limemgonga wa tatu, limemkosa wa nne, limemgonga wa tano. Kwenye Lengai mnapanda ndani ya mifereji iliyochimbwa na mvua, kwa hiyo jiwe halina pa kwendea isipokuwa kwenu. Ukiwa na rafiki yako mnapigiana kelele, mnasogeleana, mnapishana. Ukiwa na mtu uliyekutana naye jana kwenye gari, hata jina lake hulikumbuki, unapiga kelele gani? "Wewe mwenye koti la bluu"? Gizani koti halina rangi!

Hicho ndicho ninachokichukia. Kwenye safari ya kuchangia umenunua miguu ya watu wengine. Kwingine ni usumbufu mdogo, mnamsubiri mtu, mnakunywa maji, maisha yanaendelea. Pale ni tofauti. Mwenye mwendo wa pole akiamua saa nane usiku kwamba hawezi tena, kuna maamuzi mawili tu: mmoja wa waongozaji anashuka naye, au wote mnasimama kwenye mteremko huo, kwenye upepo, jasho likiwakaukia. Kama mwongozaji ni mmoja, hakuna maamuzi mawili tena. Kuna moja.

Kampuni niliyokwenda nayo siitaji, na msiiulize kwenye maoni, sitajibu. Watu saba, mwongozaji mmoja. Kwenye simu niliambiwa "waongozaji wapo". Wapo wapi? Kijijini.

Na huyo mmoja, jamani, nampa sifa zake. Kijana wa Kimasai, makatambuga miguuni, yale ya matairi, anapita pale sisi tunapotambaa. Anajua kila mfereji. Lakini hata yeye hawezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja.

Ngoja nizungumzie mlima kidogo, maana mkidhani nawazuia kwenda mtakuwa hamjanisikia. Kinachofanya nirudi pale si jua, ni kile kilicho ndani ya shimo. Lava ya Lengai haina mwenzake: ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutema lava ya aina hii katika nyakati zetu, lava ya kabonati ya sodiamu. Volkano nyingine nyingi zinatema mwamba ulioyeyuka kwa nyuzi joto elfu moja na mia kadhaa. Hii inatoka kwenye mia tano na kitu, mia sita hivi. Ni nyepesi, inatiririka haraka, na mchana ina rangi nyeusi au ya kahawia, unaweza kuiangalia ukadhani ni tope. Wekundu wake hafifu unauona gizani tu! Halafu ikipoa inafyonza unyevu, inageuka nyeupe. Ndiyo maana ukiutazama mlima kwa mbali unasema kuna theluji. Hakuna theluji. Ni lava ya zamani.

Na hii nawapa kama zawadi: ndani ya lava ile kuna madini yanaitwa nyerereite. Ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mengine ni gregoryite, ya yule mwanajiolojia J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa. Una mlima unaotema madini yenye jina la Baba wa Taifa, halafu tangazo linakuuzia jua. Mimi nashindwa.

Sasa unganisha mambo. Kama wekundu wa lava unaonekana gizani tu, basi kufika saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza, ni kuchelewa! Unatakiwa uwe ukingoni saa kumi na moja, giza bado lipo, uchungulie, uone kama siku hiyo mlima unafanya kitu. Huwa haufanyi kila siku, na tangu mlipuko wa 2007 na 2008 shimo limekuwa refu, kingo zimekatika wima, hakuna uzio wala kamba. Husogei mpaka mwongozaji amekuambia simama hapa. Harufu ya salfa ikikujia usoni, unahama, hubishani nayo. Na usithubutu kushuka mule ndani kwa sababu umeona video ya zamani ya watu wanatembea juu ya lava. Zile nyingi ni za kabla ya 2007, mlima ule haupo tena hivyo.

Jua likitoka, sawa, piga picha. Linatokea huko kwenye milima ya Gelai na Kitumbeine, na hali ya hewa ikiwa safi Kilimanjaro unaiona mbali kule. Halafu geuka. Wote wanaangalia mashariki, wewe angalia magharibi: kivuli cha Lengai, pembetatu kali, kimelala juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hiyo ndiyo picha yangu bora ya safari nzima, na kwenye kundi letu wengi hawakugeuka.

Mtaniuliza wapinzani. Kilimanjaro? Siyo mpinzani. Mita 5,895, siku kadhaa, una wagumu wanakubebea mizigo, una mpishi. Lengai unabeba maji yako mwenyewe, angalau lita tatu, na hakuna anayekupikia. Lakini kwa mteremko, kwa saa moja moja, Lengai ni kali zaidi, nasema hivyo na nitabishana na yeyote. Nyiragongo kule Kongo ilikuwa mfalme wa lava Afrika, lakini ililipuka Mei 2021, na kwa hali ya usalama ya Goma, mji ulio chini yake, hata siongelei kwenda. Wale wa Bali wanaotuma video za volkano ya Batur: mita 1,717, saa mbili hivi umefika, kila mtu ana taa, ni msururu wa watu mpaka juu. Pale safari ya kuchangia ina maana kabisa. Bromo, volkano ya kule Java, ndiyo usiseme, gari linakupeleka mpaka sehemu ya kutazamia, na kwenye ukingo kuna ngazi. Ngazi! Nikakumbuka ubao wangu.

Kidogo kuhusu chaneli. Mliolalamikia sauti ya video iliyopita, mikrofoni ni mpya, niambieni kama upepo bado unasikika. Na ile video ya taa za kichwa inakuja, nimezijaribu tatu pale mlimani na moja imezima katikati ya mteremko, kwa hiyo mtaipenda.

Bei. Hapa inabidi nilegeze hasira. Gharama kubwa ya safari hii ni gari. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu inataka gari la maana, na mafuta ni yaleyale mkiwa wawili au saba. Kuna mageti ya ushuru njiani, kuna ada ya mlima, kuna mwongozaji. Ukienda peke yako unabeba gari zima. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, kuchangia ndiyo njia, sitadanganya. Kwa hiyo kama unaniuliza ukatae safari ya kuchangia, hapana. Changieni gari. Changieni kambi, chakula, ushuru. Mwongozaji msichangie! Watu wanne kwa mmoja ndiyo mwisho wangu, na nyongeza mnayomlipa wa pili mnagawana. Halafu mnagawanyika kwa mwendo: wa haraka na mmoja, wa pole na mwingine, na wa pole wanaanza saa moja mapema.

Dada mmoja ameandika kwenye maoni: "Kama sifiki juu, pesa yangu imepotea?" Hapana, kama umepanga vizuri. Engare Sero kuna nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zimehifadhiwa kwenye majivu ya volkano hiyohiyo. Kuna maporomoko ya maji. Kuna ziwa lenyewe na heroe wake wadogo, yaani flamingo, wale ambao karibu wote wa Afrika Mashariki huzaliana pale Natron. Lakini safari nyingi za kuchangia zinakurudisha Arusha ukishuka tu, uso wa vumbi, usingizi, hujaona hata kimoja. Dada, uliza kabla hujalipa: tukishuka tunaondoka saa ngapi? Wakikujibu saa nne asubuhi, tafuta wengine.

Maswali mengine yaandikeni chini. Ya jina la kampuni nimeshasema.